Programu inaganda ikifunguliwa: sefu modi, Repair, SSD au kupiga window upya, uchague ipi?

Hili tatizo mnalijua. Unabofya Word mara mbili, dirisha linakuja, halafu linapauka, pale juu panaandikwa "Not Responding", kile kiduara kinazunguka na we unakiangalia tu, sekunde 10, 20, siku nyingine 30, halafu ghafla inazinduka na kuanza kazi kama hakuna kilichotokea, na ukishaanza kuandika haigandi tena mpaka kesho asubuhi. Kwa vile inazinduka yenyewe watu wanaizoea, wanaishi nayo hata mwaka mzima, na siku wakichoka wanaipeleka kwa fundi, fundi anasema hii tupige window, yaani tuweke Windows upya, window inapigwa, wiki mbili baadaye tatizo liko palepale na hela imeshaenda.

Kompyuta za namna hii nimezishika nyingi, hasa za steshenari na za ofisi ndogondogo, na ninachotaka kusema hapa ni kimoja tu: njia za kurekebisha zipo kadhaa na kila moja ina mahali pake, ila ya kwako utaijua kwa kupima muda wa kuganda kabla hujagusa kitu chochote. Saa ya simu inatosha.

Kwanza tuelewane, "Not Responding" haimaanishi programu imekufa. Windows inaandika hivyo dirisha likipitisha sekunde 5 bila kuitika. Mara nyingi programu iko hai kabisa, kuna mahali imeuliza kitu na inasubiri jibu, labda imeiuliza diski, labda printa, labda seva (kompyuta kuu ya ofisi) ambayo siku hizi haipo tena, labda antivairasi imeikalisha pembeni inaikagua. Kwahiyo swali la kujiuliza ni inamsubiri nani. Na tafadhali ikiwa imeganda usiendelee kubofya bofya aikoni, maana kila ukibofya unaongeza ombi jingine kwenye foleni na kuganda kunarefuka.

Sasa vipimo. Washa kompyuta, iache kama dakika 5 imalize mambo yake ya kuamka, fungua programu huku unahesabu sekunde, andika. Ifunge kabisa, ifungue tena, hesabu tena, andika. Kama mara ya kwanza ilikuwa sekunde 25 na mara ya pili ni 3, mshukiwa wa kwanza ni diski, sababu mara ya pili mafaili yake bado yamo kwenye ramu, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, Windows haikulazimika kwenda kuyachimba tena. Antivairasi nayo inaweza kuonyesha dalili hiyohiyo kwa kuwa faili ambalo imeshalikagua, mara nyingi hailikagui tena kwa muda. Lakini kama umepata 20, 21, 20, hapo usipoteze muda na diski, diski haina nidhamu hiyo, namba inayojirudia vile ni ya programu inayosubiri mpaka muda uliopangwa uishe ndo ikate tamaa iendelee na mambo mengine.

Kipimo cha pili, zima waifai, kama kuna waya wa netiweki chomoa, halafu fungua. Ikifunguka haraka maana yake kuna kitu cha kwenye netiweki ilikuwa inakitafuta, na bila netiweki inaambiwa hapohapo kwamba hakipo, haisubiri. Cha tatu, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, Task Manager ije, iache wazi pembeni, fungua programu, na wakati imeganda tazama zile safu za CPU, Memory (hiyo ndo ramu) na Disk. Disk ikigonga 100% umeshapata jibu. Zikiwa zote zimelala kwenye asilimia 2 au 3 huku programu imeganda, basi mashine yako haina shida ya nguvu, kuna mtu inamsubiri.

Niwape mfano wa karibu. Kuna dada ana steshenari jirani na chuo, Word yake ilikuwa inaganda kila asubuhi, mchana haigandi, na hii asubuhi na mchana ndo iliwachanganya mafundi. Walishampigia window mara moja. Nilipoenda kulikuwa na mwanafunzi amesimama pale na flashi yake anataka barua ya kuomba field itoke kabla ya saa nne, kila baada ya muda anauliza, "Dada, bado?", na dada anamwambia, "Vumilia mdogo wangu, inafunguka." Nikahesabu, sekunde 21. Nikafunga nikafungua, 21. Nikachomoa waya wa netiweki, ikafunguka kwa 4. Nikarudisha waya, nikaifungua tena, ilivyoganda nikaenda Task Manager kwenye "Details", nikabonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya WINWORD.EXE nikachagua "Analyze wait chain", ikanionyesha inasubiri kitu kinaitwa splwow64.exe. Hicho ni cha mambo ya printa.

Kumbe printa kubwa ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta ya chumba cha nyuma na kusheawa, na ile kompyuta ya nyuma ilikuwa inawashwa saa tano kaka yake akifika. Word ikiwa inafunguka inaiuliza printa ya default, ile inayotumika yenyewe usipochagua nyingine, karatasi yake ikoje, ili ipange kurasa, na asubuhi hakuna wa kujibu. Windows ikijaribu kuongea na mashine isiyojibu mara nyingi inakaa kama sekunde 21 kabla ya kukata tamaa, ndo zile. Na alipopigiwa window kila kitu kilipona, mpaka siku aliyoiunganisha ileile printa tena. Tukaingia "Printers & scanners", tukazima ile "Let Windows manage my default printer", sababu hiyo inageuza default kuwa printa uliyotumia mwisho, tukaweka default "Microsoft Print to PDF", na ile kubwa anaichagua mwenyewe wakati wa kuprinti. Dakika moja. Barua ikatoka.

Kwahiyo tukilinganisha sasa.

Sefu modi na Repair

Watu wengi wakiona programu inasumbua wanakimbilia Repair, na mi naona kwa tatizo hili la kuganda kisha kuzinduka, Repair iko chini sana kwenye orodha. Repair inarudisha mafaili yaliyoharibika ya programu. Faili likiharibika mara nyingi programu inagoma kabisa kufunguka, au inajifunga, au inatoa meseji ya kosa. Yako inafunguka na inafanya kazi vizuri, ila inachelewa. Repair haitaondoa printa ya mbali na haitaifanya diski ikimbie. Kwenye Office kuna aina mbili, "Quick Repair" haihitaji intaneti na inaisha haraka, hiyo ukijaribu hupotezi kitu, lakini "Online Repair" ni kama kuinsto upya, inashusha mafaili mengi, kama unatumia bando la simu fikiria mara mbili.

Sefu modi yenyewe ni bure, haibadilishi chochote kwenye mashine, na inakupa jibu hapohapo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winword /safe halafu Enter, kwa Excel andika excel /safe. LibreOffice nayo ina yake, nenda "Help" halafu "Restart in Safe Mode", ipo tangu toleo la 5.3 la mwaka 2017. Kwenye sefu modi programu inafunguka bila vile viprogramu vya nyongeza vinavyojipachika ndani yake na bila mapangilio yako. Ikifunguka chap, umeshajua mwizi yuko ndani ya nyumba. Nenda "File", "Options", "Add-ins", pale chini kwenye "Manage" chagua "COM Add-ins" bonyeza "Go", toa tiki zote, fungua Word kawaida, halafu rudisha moja moja mpaka uone ipi inaigandisha. Ni kazi ya robo saa. Mara nyingi nimekuta ni kiprogramu cha PDF au cha skana ambacho kilikuja na CD ya skana ambayo hata haipo tena hapo ofisini.

Ukitoa zote na bado inaganda ila kwenye sefu modi haigandi, kuna faili linaitwa Normal.dotm, linakaa kwenye %appdata%\Microsoft\Templates. Funga Word, badilisha jina la hilo faili liwe Normal-zamani.dotm, fungua Word, itajitengenezea jipya. Usilifute, sababu kama kuna makro (amri za mkato ulizojirekodia) au maneno uliyojiwekea humo ndani utayalilia. Na kwenye maofisi angalia kitu kimoja zaidi, "Options", "Advanced", chini kabisa "File Locations", kama pale "Workgroup templates" imeelekezwa kwenye seva ambayo ilishazimwa zamani, Word itaenda kuigongea mlango kila ikiamka. Hii niliikuta kwenye kompyuta zilizonunuliwa used, zimekuja na programu zake za ofisi ya zamani na anwani za huko zilikotoka bado zimo.

SSD, ramu au kupiga window

Hapa ndo hela zinapotoka kwahiyo hapa nitakaa kidogo.

Kama kipimo chako ni kile cha mara ya kwanza ndefu, mara ya pili fupi, na Disk inagonga 100%, halafu ndani una ile diski ya zamani ya kuzunguka, HDD, basi mi sitakuzungusha, weka SSD. Sababu yenyewe ni hii. Diski ya HDD ina sahani inazunguka, kwenye laptopu nyingi ni mizunguko 5400 kwa dakika, na kuna kichwa kinasogea kwenda kutafuta kila kipande cha faili. Kusoma faili moja kubwa inaweza, ila kurukaruka kusoma vipande vidogo vilivyotawanyika inafanya kama mara 100 hivi kwa sekunde, basi. Programu ikiwa inafunguka kazi yake ndo hiyo, kusoma vipande vidogo mamia kwa maelfu, fonti, mapangilio, maktaba zake, na wakati huohuo Windows nayo inashusha apudeti na antivairasi inapekua. SSD haina kinachozunguka wala kinachosogea, inasoma vipande hivyo makumi elfu kwa sekunde hata ikiwa ni ile ya SATA ya kawaida. Ndo maana mtu akibadilisha anaona kama amenunua mashine nyingine.

Sasa linganisha na kupiga window kwenye diski ileile. Siku ya kwanza unaona nyepesi, kweli, sababu hakuna programu nyingine zinazoamka pamoja na Windows na hakuna takataka. Lakini sahani ni ileile na inazunguka vilevile. Ukisharudisha programu zako, apudeti zikaingia, antivairasi ikakaa, unarudi ulikotoka. Na umepoteza nini? Mapangilio yote, programu ambazo CD zake huna, leseni, na kama fundi ana haraka na hukumwambia, mafaili ya kwenye desktopu. Nimeona mtu amepoteza mitihani ya muhula mzima namna hiyo, mwalimu, alidhani fundi anajua kwamba kazi zake zipo desktopu na fundi akadhani zipo kwenye drive D. Ukiweka SSD unaweza kukloni, yaani kuhamisha kila kitu kilivyo mpaka picha ya ukutani, Clonezilla ni ya bure na inafanya hiyo kazi vizuri, hakikisha tu SSD mpya haina nafasi ndogo kuliko diski unayoihamisha la sivyo kuna kazi ya kupunguza patisheni, yaani sehemu diski ilivyogawanywa, kwanza.

Ila kabla ya kukloni angalia afya ya diski, shusha CrystalDiskInfo, nayo ni ya bure, ikionyesha bluu na "Good" endelea, ikionyesha njano na "Caution", hasa penye "Reallocated Sectors" au "Current Pending Sector", acha yote, kopi mafaili yako muhimu kwenda nje leo hiihii. Diski inayoanza kuchoka nayo inagandisha programu, na dalili yake ni kwamba muda haueleweki, leo 8 kesho 50 keshokutwa 15, maana kila ikikutana na sehemu mbovu inarudia rudia kusoma. Hiyo si ya kusubiri mwisho wa mwezi.

Na ramu je? Ramu inakuwa jibu pale ambapo kabla hujafungua hiyo programu Memory tayari iko 85 au 90%. Mashine ya GB 4 leo inateseka, GB 4 ndo kiwango cha chini ambacho Windows 11 inakikubali, na kukubali kuinstoka ni jambo moja, kufungua Word na Chrome yenye tabu kumi kwa pamoja ni jambo lingine. Ramu ikijaa Windows inaanza kutumia diski kama ramu, kwahiyo kwenye HDD unaumia mara mbili. Kama hela inatosha kitu kimoja tu na mashine ina HDD na GB 4, anza na SSD, ramu itafuata. Kama tayari una SSD na Memory imejaa, hapo ramu. Kama una SSD na Memory iko 40% na bado inaganda, usinunue chochote, rudi juu kwenye printa, netiweki na viprogramu vya nyongeza.

Kupiga window kuna wakati wake pia, sikatai. Mashine imeliwa na virusi, au iliwekewa maactiveta (viprogramu vya kupita leseni) yasiyojulikana yanayoamka na kila programu, hapo safisha tu uanze upya. Vilevile kama bado uko Windows 10 ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yako inakubali 11, na ulishapanga kuweka SSD, basi fanya yote kwa siku moja.

Antivairasi: kuizima, kuiwekea ruhusa au kuiacha

Ya kuizima siipendi na sitakushauri, hasa steshenari, pale flashi za watu 50 zinaingia kwa siku. Unaweza kuizima dakika mbili tu kwa kupima, waifai ikiwa imezimwa na hakuna flashi yoyote, ukaona kama kuganda kunaisha, halafu uiwashe. Kama ni yenyewe, angalia kwanza kama hazipo mbili, maana mashine nyingi za used zinakuja na antivairasi ya majaribio iliyokwisha muda juu ya nyingine, zinapigania kila faili. Bakiza moja. Bado ikiganda, iwekee hiyo programu ruhusa, kwenye "Windows Security", "Virus & threat protection", "Manage settings", chini kuna "Exclusions", uweke folda ya hiyo programu pekee, mfano ile ya uhasibu yenye databesi yake. Usiweke Downloads, usiweke desktopu, usiweke drive nzima, na herufi ya flashi usiiguse kabisa.

Mengine ya haraka. Wanaotengeneza mabango na kadi za harusi, mkiwa na fonti elfu mbili mmezishusha kwa mkupuo, kila programu ya maandishi inabidi iziorodheshe, punguzeni, zile msizotumia ziwekeni kwenye folda pembeni. Kama inaganda tu ukiifungua dakika ya kwanza kompyuta ikiwaka na baada ya dakika 5 haigandi, nenda Task Manager kwenye "Startup" uzime zile zinazoamka bila kazi, hiyo haihitaji hela. Kama kuganda kunakuja na skrini kuwa nyeusi au kumeta meta, jaribu draiva ya grafiksi, ile programu inayoendesha kadi ya picha, kabla ya mengine yote.

Na kama umepita kote huko na bado, ipo Process Monitor, ya bure kutoka Sysinternals ya Microsoft, inaandika kila faili na kila anwani programu inayogusa pamoja na saa yake mpaka vipande vya sekunde. Unaiwasha, unafungua programu, unasimamisha, unachuja ibaki hiyo programu tu, unashuka taratibu ukiangalia safu ya muda mpaka uone mahali saa imeruka, mfano kutoka 09:14:03 mpaka 09:14:24. Mstari ulio kabla ya huo mruko mara nyingi unakutajia jina la unachokitafuta. Inachosha macho, ila kwa programu za kazi kama za uhasibu ambazo hazina sefu modi sijaona nyingine inayoishinda.

Ukiamua kuipeleka kwa fundi, mpe na kikaratasi chenye sekunde za mara ya kwanza, sekunde za mara ya pili, sekunde waifai ikiwa imezimwa, na Disk ilikuwa asilimia ngapi wakati imeganda. Mwambie pia mafaili yako yako folda gani.